Goti Limepona, Nani Atamrudisha Uwanjani?

Mchezaji chipukizi akiumia, redio na magazeti yetu huwa na jibu moja lililo tayari: atarudi, maana ana moyo. Ni maneno ya upendo, na hakuna ubaya kumwambia hivyo mtu aliye kitandani, mguu umefungwa bandeji. Ubaya unakuja pale maneno hayo yanapogeuzwa kuwa maelezo ya kila kitu. Aliyerudi tunasema alikuwa na moyo. Asiyerudi tunanong'ona kwamba alikata tamaa, au alilewa sifa, au mapenzi yalimponza. Baada ya hapo hakuna anayeuliza alipata matibabu gani, nani alimsimamia mazoezi, nani alimlipia nauli ya shindano la kwanza alipopona. Kwa mchezo wa tenisi, na kwa mchezaji anayetokea mji kama Bujumbura, jibu limo kwenye maswali hayo. Moyo kwa kawaida upo. Kinachokosekana ni watu, fedha na kanuni za kumvusha kutoka siku anayoweza kutembea hadi siku anayoweza kushindana, na vijana wanaopotelea katika pengo hilo ni wengi kuliko wanaomalizwa na jeraha lenyewe.

Tumfikirie msichana wa miaka 17 anayekaa Kinindo, mtaa wa kusini mwa Bujumbura, usio mbali na Ziwa Tanganyika. Yeye ni wa kubuni, hali yake si ya kubuni. Amekulia kwenye viwanja vya udongo mwekundu, anawashinda wenzake wa rika lake, na ameshaanza kusafiri kwenye mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Siku moja anaukimbilia mpira wa pembeni, mguu unateleza kama ilivyo kawaida ya udongo, kisha unakwama ghafla huku kiwiliwili kikiendelea kugeuka. Goti linalia, na kabla jua halijazama limevimba. Nyumbani wanafanya ambacho familia nyingi za ukanda wetu zingefanya: maji ya moto yenye chumvi (ambayo siku ya kwanza huzidisha uvimbe badala ya kuupunguza), kuchua, dawa ya kupaka yenye harufu kali, na shangazi mmoja anayemfahamu mzee hodari wa kuunga mifupa. Baada ya wiki chache uvimbe unashuka, kuchechemea kunakwisha, raketi inatolewa kwenye mfuko, na kila mtu anamshukuru Mungu. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti, ile ambayo mashabiki wa soka wanaifahamu kwa jina la ACL, haiungwi kwa kuchuliwa, na mtu anaweza kutembea vizuri kabisa huku imekatika.

Kuhusu goti, ushahidi upo na uko wazi. Utafiti wa wataalamu wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia kwa miaka 2 wagonjwa 106 waliofanyiwa upasuaji wa kano hiyo. Ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mtu aliuongeza kabla ya kurudi kwenye michezo ya kugeuka na kukata kona, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kuumia tena. Ulionyesha jambo jingine linalonivutia zaidi. Miongoni mwa waliorudi baada ya kufaulu vipimo vyote vya nguvu na vya kuruka, walioumia tena walikuwa chini ya 6 katika kila 100. Miongoni mwa waliorudi bila kufaulu, walikuwa 38 katika kila 100. Baadhi ya vipimo hivyo, hasa cha nguvu ya paja, vilifanywa kwa mashine. Lakini kuruka kwa mguu mmoja kunaweza kupimwa kwenye ua wa nyumba yoyote ya Kinindo: mstari wa chaki, futi ya fundi cherehani, na mtu wa kuandika. Unaruka kwa mguu mzima, unapima. Unaruka kwa ulioumia, unapima. Ulioumia ukifika asilimia 90 ya mwenzake, safari inaendelea. Usipofika, rudi kwenye mazoezi ya kuchuchumaa na kupanda ngazi, hata kama goti haliumi, hata kama shindano ni Jumamosi hii.

Kwa hiyo anayehitajika kwanza ni mtu, tena mtu mwenye mamlaka ya kusema "bado". Bujumbura wengi humwita kine, kwa Kifaransa kilichozoeleka. Kwingine ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yake haiishii kwenye kukanda misuli, ingawa ndiyo sehemu inayoonekana na inayopendwa. Kazi yake kubwa ni kuhesabu: sevu ngapi leo, ngapi keshokutwa, kwa nguvu ya kiasi gani, na maumivu ya asubuhi iliyofuata yalikuwaje. Mgongo wa kijana anayepiga sevu nyingi unaweza kupata ufa mdogo kwenye mfupa wa kiunoni, ufa unaohitaji miezi ya mapumziko, na kocha asiyeujua humwambia kijana ajinyooshe tu. Bega na kifundo cha mkono navyo vina adabu yao: hupona kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo, na huharibika kwa kubebeshwa wote kwa siku moja au kwa kutobebeshwa kabisa. Kocha peke yake hawezi kuyasimamia haya, kwanza kwa kuwa hakusomea, pili kwa kuwa yeye ndiye anayeutaka ushindi. Mzazi naye hawezi, kwa kuwa huruma humfanya aamini kila anachoambiwa. Wenye vituo vikubwa huongeza na mazoezi ya majini, ambamo mwili huwa mwepesi. Kinindo maji yapo jirani, ziwa zima, ila viboko nao wanalipenda.

Wakati huo wote saa nyingine inakwenda. Hapa ndipo tenisi inapotofautiana na riadha, na ndipo mfano wa shujaa wetu wa taifa unapotupoteza. Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi, alishika nafasi ya 2 katika mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Kanuni za homoni za mwaka 2019 zilipomfungia mbio hizo, alihamia mbio ndefu, akamaliza wa 5 katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Septemba 2021 huko Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka uliofuata aliumia mguu na kuyakosa mashindano ya dunia ya Eugene. Watu wanaona maisha hayo na kusema: tazama, mwenye moyo hazuiliki. Ni kweli kwamba moyo wa Niyonsaba si wa kawaida. Lakini mkimbiaji aliyepona anahitaji barabara, saa, na mbio moja ya kufikia muda unaotakiwa. Siku akikimbia muda huo, mlango umefunguka. Mchezaji wa tenisi hana muda wa kufikia. Ana pointi, na kila pointi hufutika baada ya wiki 52. Aliyekaa nje mwaka mzima anarudi akiwa hana kitu kwenye orodha, na asiye na kitu kwenye orodha hapokelewi kwenye mashindano yenye pointi za kutosha, ila kupitia mechi za mchujo au kwa hisani ya waandaaji. Lazima apande wiki kwa wiki, nchi kwa nchi, akishinda watu wasiokuwa na jina ambao hawajaumia.

Kupanda huko kunagharimu. Mwaka 2013 ITF yenyewe ilihesabu kwamba karibu wachezaji 14,000 walishiriki mashindano ya kulipwa duniani, na karibu nusu yao hawakupata hata senti ya zawadi. Ilikadiria kuwa mwanamke alihitaji zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka za kusafiri, kulala na kula, bila kumlipa kocha, na kwamba ni wale tu waliokuwa karibu na nafasi ya 253 duniani au juu yake ambao zawadi zililingana na gharama. Kwa wanaume mstari huo ulikuwa nafasi ya 336. Bei zimepanda tangu hapo. Katika ngazi ya chini kabisa ya wanawake, ile ya dola 15,000, fungu hilo ni la wachezaji wote kwa pamoja, na anayetolewa raundi ya kwanza amekuwa akiondoka na dola 150 hivi. Sada Nahimana, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 2001 na kuendelezwa katika kituo cha ITF cha Casablanca, alipanda katika miaka hii ya 2020 hadi kuingia ndani ya 300 bora, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Burundi aliyewahi kufika kabla yake. Maana yake ni kwamba hata kilele cha tenisi ya wanawake nchini kiko jirani na mstari wa kujikimu. Anayeumia akiwa nafasi ya 700, au akiwa bado kwenye tenisi ya vijana, hana akiba ya kutumia kwa sababu hakuwahi kupata faida ya kuweka.

Mtu anayeufuatilia mchezo huu atasema: zipo kanuni za kuwalinda majeruhi. Zipo, na ni nzuri kwa waliotungiwa. Mchezaji akikaa nje kwa miezi 6 au zaidi anaweza kuomba nafasi aliyokuwa nayo ihifadhiwe, kisha akirudi aitumie kuingilia idadi fulani ya mashindano. Kwa aliyekuwa wa 40 duniani, hiyo ni tiketi ya Wimbledon, ambako hata kufungwa raundi ya kwanza kunalipa matibabu ya mwaka. Kwa aliyekuwa wa 700, ni ruhusa ya kwenda kucheza mashindano yaleyale ya dola 15,000 kwa nauli yake mwenyewe. Chama cha wanaume wa kulipwa, ATP, kilianzisha mwaka 2024 mpango wa kuwahakikishia kipato wachezaji wake, ukiwa na fungu maalumu kwa wanaokosa sehemu kubwa ya msimu kwa jeraha; unahusu 250 bora tu. Kisha kuna kadi za mwaliko. Juan Martín del Potro wa Argentina, aliyefanyiwa upasuaji mara kadhaa kwenye vifundo vya mikono, mwanzoni mwa 2016 alikuwa chini ya nafasi ya 1,000. Kwa nafasi iliyohifadhiwa na mialiko alirudi, akachukua fedha ya Olimpiki mwaka huohuo, na mwaka 2018 akafika nafasi ya 3 duniani. Alialikwa kwa kuwa alikuwa bingwa wa US Open wa 2009 na jina lake lilijaza viwanja. Msichana wa Kinindo hana ubingwa wa kumfanya aalikwe, na nchi yake haina shindano la ngazi ya juu la kumpa kadi nyumbani.

Ongeza jiografia. Ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa barani Afrika imejikusanya kaskazini: Monastir nchini Tunisia na Sharm el-Sheikh nchini Misri zimekuwa na misimu ambayo shindano la ITF huchezwa karibu kila wiki. Mtunisia aliyetoka jeraha anaweza kujaribu goti lake kwa shindano moja, likivimba akarudi nyumbani kwa gari, akapumzika, akajaribu tena mwezi ujao. Huko ndiko kurudi kwa busara. Wa Bujumbura akinunua tiketi ya ndege hadi Tunisia, hawezi kucheza wiki moja akarudi. Lazima akae wiki 3 au 4 ili gharama iwe na maana, yaani acheze mfululizo wakati ambao mwili wake unahitaji kucheza na kupumzika. Dola ya kununulia tiketi hiyo ameipata kwa shida, maana katika miaka hii bei ya mitaani imekuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki, na ukosefu wa mafuta umefanya hata safari ya kutoka Kinindo kwenda mazoezini kuwa jambo la kupangiwa mikakati. Kigali iko karibu, na mwaka 2024 ilianza kuandaa mashindano ya wanaume ya Challenger, ngazi ya kati ya tenisi ya kulipwa. Lakini Januari mwaka huohuo, wiki chache kabla ya shindano hilo la kwanza, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Sababu za siasa sizijadili hapa. Ninachosema ni kwamba jeraha linalohitaji hatua ndogo ndogo limekutana na ramani inayolazimisha hatua kubwa.

Pingamizi kubwa kwa hoja yangu ni hili: wapo waliokuwa na kila kitu na bado hawakurudi. Del Potro huyohuyo alivunjika kilegesambwa huko Shanghai mwaka 2018, akafanyiwa upasuaji wa goti mara 4, na mwaka 2022 akaaga akilia mbele ya watu wa Buenos Aires. Dominic Thiem wa Austria, bingwa wa US Open wa 2020, aliumia kifundo cha mkono Juni 2021, akawa na madaktari wa kila namna, na Oktoba 2024 akastaafu akiwa na miaka 31. Kama fedha na wataalamu havikuwaokoa hao, kuna haja gani ya kuzungumzia wataalamu Bujumbura? Nakubali kwamba yapo majeraha yasiyo na dawa, na hakuna bajeti inayoweza kununua kifundo kipya. Ila tusichanganye makundi mawili. Hao walishindwa baada ya kila kinachowezekana kufanyika. Waliijua sababu, walichagua siku ya kuondoka, na Thiem aliondoka akijua mkono wake hautarudi kuwa ule wa zamani. Wengi wa kwetu huondoka bila hata kuambiwa jeraha lao linaitwaje. Mtu anayesema misiba hiyo miwili ni mmoja anafanana na anayesema hospitali hazina kazi kwa kuwa hata matajiri hufa.

Mifano ya kinyume ipo hapahapa Afrika. Mayar Sherif wa Misri alishinda mechi yake ya kwanza Roland Garros mwaka 2022, kisha akajitoa kabla ya raundi ya pili kwa jeraha la mguu. Miezi michache baadaye, Parma nchini Italia, akawa Mmisri wa kwanza kutwaa taji la WTA, chama cha wanawake wa kulipwa. Ons Jabeur wa Tunisia alifanyiwa upasuaji mdogo wa goti mwanzoni mwa 2023, na Julai mwaka huo akacheza fainali ya Wimbledon, ya pili kwake mfululizo. Sisemi kwamba hawakuwa na moyo. Nasema tuangalie nani alisimama nyuma yao. Mume wa Jabeur, Karim Kamoun, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa mazoezi ya viungo, kwa hiyo aliyehesabu mizigo alikaa naye nyumba moja na kusafiri naye. Sherif alipitia tenisi ya chuo kikuu nchini Marekani, Pepperdine, kabla ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Na njia hiyo ya chuo kikuu inastahili kutazamwa kwa makini na kila mzazi, maana kwa miaka mingi ndiyo imekuwa bima pekee ya kweli kwa mchezaji wa Afrika Mashariki.

Angella Okutoyi wa Kenya ni mfano mzuri. Alilelewa na bibi yake Loresho, Nairobi, na alipokuwa bado mdogo alipelekwa kwenye kituo cha ITF kilichokuwa Bujumbura, kwa hiyo Burundi ina sehemu katika hadithi yake. Mwaka 2022 alitwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili Wimbledon, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam kwa ngazi yoyote. Badala ya kukimbilia moja kwa moja mashindano ya kulipwa, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na Machi 2024 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Kabla yake, Guy Orly Iradukunda wa Burundi alikichezea Chuo Kikuu cha Florida State. Vyuo hivyo vina madaktari wa michezo, mashine za kupima nguvu ya paja, na mtu wa kusema "bado" anayelipwa mshahara. Tangu Agosti 2024 kanuni za daraja la kwanza la michezo ya vyuo nchini humo zinakataza kumnyang'anya mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya jeraha, na zinakilazimu chuo kulipia matibabu ya jeraha la michezo kwa angalau miaka 2 baada ya kumaliza. Lakini kwa Mrundi mlango huo sasa umefungwa. Juni 2025 serikali ya Marekani iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa aina kadhaa za viza, na za wanafunzi zimo. Njia aliyopita Iradukunda haiwezi tena kuwa mpango wa taifa.

Wengine watauliza kwa nini nchi maskini ijisumbue na mchezo wa watu wa mitaa ya wenye nacho kama Kinindo na Rohero wakati vituo vya afya vya vijijini havina dawa. Swali ni la haki, ila limejengwa juu ya dhana mbili zisizosimama. Ya kwanza ni kwamba tenisi ni ya matajiri. Viwanja ndiyo, vipo kwenye vilabu vya wenye nacho. Wanaofika mbali mara nyingi si watoto wa wanachama, na Okutoyi ni ushahidi wa kutosha. Ya pili ni kwamba huduma ya kurudisha mchezaji ni anasa ya peke yake. Goti la mcheza tenisi ni lilelile la mcheza soka wa mtaa wa Buyenzi, la mchezaji wa judo, la dereva wa pikipiki aliyeanguka barabarani, na mtaalamu anayejua kulirudisha moja anajua kuyarudisha yote. Burundi haianzi na mikono mitupu: Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi ya viungo, na Chuo Kikuu cha Burundi kina taasisi yake ya elimu ya viungo na michezo. Kinachokosekana ni daraja kati ya maarifa hayo na viwanja vya tenisi, ambako mpaka leo dawa ya kupaka ndiyo daktari wa kwanza.

Lipo pia pingamizi la upole, ambalo wazazi hulisema wakiwa peke yao: labda jeraha ni heri, kijana arudi shule, mchezo wenyewe haulipi. Katika hesabu nilizozitaja hapo juu, wana haki ya kusema hivyo. Sitamlaumu msichana wa Kinindo akiamua kuweka raketi chini na kusomea udaktari. Ninachopinga ni kuamuliwa na kitu ambacho hakuna aliyekichagua: kuchelewa kupimwa, kurudi mapema kwa kuwa shindano la taifa limefika, kuumia mara ya pili, kisha kimya. Anayeacha baada ya kuambiwa ukweli na mtaalamu ameacha mchezo. Anayeacha baada ya goti kukatika mara ya pili kwa uzembe wa wakubwa ameachishwa.

Basi Shirikisho la Tenisi la Burundi lifanye mambo matatu ambayo hayasubiri mfadhili. Liingie makubaliano na taasisi ya michezo ya Chuo Kikuu ili kine mmoja, hata wa siku mbili kwa wiki, afike viwanjani na awe na kauli ya mwisho juu ya nani acheze. Liandike kanuni ya mstari mmoja kwamba kijana aliyekaa nje kwa jeraha la goti, mgongo au bega hapokelewi kwenye shindano la taifa bila karatasi ya vipimo, hata kama ni bingwa na hata kama mjomba wake ni mjumbe wa kamati. Liandae pia mechi ndogo za ndani, seti moja moja, kila mwezi, ili anayerudi ajaribu mwili wake bila kununua tiketi ya ndege. Kwa ITF ombi ni moja. Mfuko wa maendeleo wa Grand Slam, ulioanzishwa mwaka 1986, husaidia wachezaji wa nchi zisizo na uwezo, na wa Afrika Mashariki wamenufaika. Sehemu ya fedha hizo itengewe waliokaa nje kwa jeraha, wakiwemo wale ambao nafasi yao duniani ina tarakimu tatu au nne, na ilipwe wakati wa matibabu, si baada ya kurudi kushinda. Na wewe mzazi, mwanao akilia goti leo jioni, weka barafu, acha maji ya moto, na kesho asubuhi mpeleke akapimwe.